Elfu moja ile ile, yuniti chache: stima, baridi ya Julai na sola huko Runyenjes

Swali moja hutufikia tena na tena kutoka upande wa Embu, na linaenda hivi: "Mwezi wa tano nililipa shilingi elfu moja nikapata yuniti nyingi. Mwezi wa tisa nimelipa elfu hiyo hiyo, nimepata chache. Pesa yangu imeenda wapi?" Anayeuliza huwa ameshaamua kwamba tumekata kitu njiani. Hatumlaumu. Sisi ndio tunaoshika pesa dakika chache kabla haijafika Kenya Power, na mtu humshuku aliye karibu.

Pesa ilifika yote. Kilichobadilika ni bei aliyouziwa, na mara nyingi ilibadilika kwa sababu ya mambo yaliyotokea ndani ya nyumba yake mwezi wa saba. Leo tunataka kufuata hiyo elfu moja hadi tuone ilipopotelea, halafu tuangalie ni wapi mtu wa Runyenjes anaweza kuikamata: kwenye dari, kwenye bafu, na juu ya mabati.

Tumechagua Runyenjes makusudi. Mji huu uko kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ukipanda juu kidogo unaingia kwenye majani chai, ukiteremka unapata kahawa, ndizi na makadamia. Mwezi wa sita hadi wa nane ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, na usiku mabati yanatoa baridi kama mlango wa friji. Na chini kabisa ya kaunti, Mto Tana umezuiwa na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma imekuwa ikizalisha umeme tangu 1968. Mtu wa Kyeni ana haki ya kuuliza mbona stima inayotoka mlangoni kwake haimjii kwa bei ya jirani. Jibu ni kwamba bei ya nyumbani ni moja nchi nzima, uwe Runyenjes au Lodwar. Kukaa karibu na bwawa hakupunguzi hata senti.

Kwanza, soma ule ujumbe wa tokeni

Ujumbe unaoletwa ukishanunua tokeni una zaidi ya zile namba 20 za kubonyeza kwenye mita. Kuna sehemu imeandikwa Units, nyingine TknAmt, nyingine OtherCharges. TknAmt ni pesa iliyonunua stima yenyewe. OtherCharges ni zile nyongeza: gharama ya mafuta ya mitambo ya kuzalisha umeme, marekebisho ya thamani ya shilingi, tozo za mamlaka, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Gharama ya mafuta na ile ya fedha za kigeni hutangazwa upya na EPRA kila mwezi, kwa hivyo hata usipobadilisha chochote nyumbani, yuniti zako zitapanda na kushuka kidogo.

Hiyo ni tofauti ndogo. Tofauti kubwa inatoka kwenye kundi lako la bei. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wako katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya 30 hadi 100, na wanaovuka 100. Bei ya msingi kwa yuniti ilipoanza ilikuwa kama shilingi 12 kwa kundi la kwanza, 16 kwa la pili na karibu 21 kwa la tatu. Zimesogea kidogo tangu hapo, lakini pengo lipo. Kabla ya hapo kundi la nafuu lilikuwa linafika hadi yuniti 100, ndiyo maana watu wengi walihisi mwaka huo kwamba stima imewaruka.

Mambo mawili hapa watu hawayajui, na ndiyo yanayouma. La kwanza: ukivuka 100, si zile yuniti za ziada peke yake zinazouzwa kwa bei ya juu. Zote zinauzwa kwa bei hiyo, kuanzia ya kwanza. La pili: kundi lako linaamuliwa na wastani wa miezi mitatu. Kwa hivyo kosa la Julai unalilipia hadi Oktoba.

Tuseme pia, kwa sababu tunaulizwa sana: kununua kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo hakubadilishi kundi lako. Ile ada ya kila mwezi ya kudumu iliyokuwa inakatwa unaponunua mara ya kwanza iliondolewa 2018. Kitu pekee cha kuangalia ukinunua tokeni za hamsini hamsini ni ada ya muamala. Na ukiona OtherCharges ni kubwa ajabu, uliza kama kuna deni kwenye mita. Wengi waliounganishwa kupitia mpango wa Last Mile ulioanza 2015 walikubali kulipa zile shilingi 15,000 polepole, na deni hilo hukatwa unaponunua.

Nyumba moja ya mfano

Tuchukue nyumba ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili wanaosoma. Wana shawa ya stima bafuni, friji ndogo, televisheni, balbu tano za LED, birika ya stima na pasi. Hakuna anasa hapo.

Shawa inavuta wati 5,500. Kila mmoja akioga dakika nane, ni dakika 32 kwa siku, karibu yuniti 3. Kwa mwezi ni 88. Rudia kusoma hiyo namba. Friji kama 30. Birika ikichemshwa mara tatu kwa siku, 15. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano, 9. Pasi, 8. Balbu zote tano, 5. Jumla ni yuniti 155, na kwa bei ya msingi ya shilingi 21 hiyo ni 3,255 kabla ya nyongeza na kodi.

Watu wakitaka kupunguza bili huanza kuzima taa. Taa za nyumba hii ni yuniti 5! Unaweza kukaa gizani mwezi mzima na usione tofauti. (Kama bado una balbu za zamani za wati 60, hilo ni jambo lingine: tano zikiwaka saa tano kila jioni ni yuniti 45. Badilisha leo, usisubiri kumaliza kusoma.)

Sasa shusha shawa kutoka dakika nane hadi tano. Unaokoa yuniti 33, na haujanunua chochote. Chai ya asubuhi ikiwekwa kwenye themosi nzuri badala ya kuchemsha maji upya kila mtu anapoamka, unaokoa 7. Friji ukiitoa karibu na jiko, ukaiachia nafasi nyuma ipumue, na ukabadilisha mpira wa mlango uliolegea, unaokoa kama 5. Kujua kama mpira umelegea ni rahisi: funga mlango ukibana noti ya hamsini, kisha uivute. Ikitoka kwa ulaini, baridi nayo inatoka hivyo hivyo usiku kucha.

Tumefika 110. Bado tuko juu ya mstari, bado tunalipa 21 kwa kila yuniti: shilingi 2,310. Hapa ndipo sola inapoingia, na tutaieleza hapa chini. Ikibeba taa na televisheni peke yake, yuniti 14, tunashuka hadi 96. Na sasa zote 96 zinauzwa kwa 16, shilingi 1,536. Zile yuniti 14 za mwisho zimeokoa shilingi 774, wakati kwa hesabu ya kawaida zingeokoa chini ya 300. Nyumba imepunguza matumizi kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, lakini bei ya msingi imeshuka kwa zaidi ya nusu.

Ila 96 ni karibu mno na 100. Wageni wa Krismasi wanatosha kukurudisha juu. Jipe nafasi, lenga 85 au 90.

Julai

Sasa turudi kwa yule wa mwezi wa tisa. Baridi ikizidi, mtu ananunua hita ya chumba ya wati 2,000 pale mjini. Anaiwasha saa tatu kila jioni watoto wakifanya kazi ya shule. Hiyo ni yuniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Nyumba yetu iliyokuwa 96 inakuwa 276. Wastani wa miezi mitatu unapanda hadi 156. Agosti jua linarudi, hita inawekwa chini ya kitanda, matumizi yanashuka hadi 96 tena, lakini bei inabaki ya juu hadi Julai itoke kwenye hesabu. Ndiyo sababu elfu moja ya Septemba haikuwa elfu moja ya Mei.

Na sehemu kubwa ya joto hilo lilipanda moja kwa moja juu na kutokea kwenye mabati. Joto hupanda. Nyumba isiyo na dari ni kama sufuria isiyo na kifuniko, na bati lenyewe ni chuma, halizuii chochote. Ndiyo maana sisi, tukiulizwa mtu aanze na hita, paneli au dari, tunasema dari, hata kama haina taa ya kijani ya kuonyesha majirani.

Dari ya mbao, ya plaiwudi au ya jipsamu, yoyote inasaidia. Kinachofanya kazi ni ile hewa iliyotulia kati ya dari na bati. Ukiweza kuongeza juu yake magodoro ya sufi ya kioo yanayouzwa na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, vizuri zaidi, lakini usiache kujenga dari kwa sababu huna pesa za sufi. Anza na chumba kimoja, kile ambacho familia hukaa jioni. Usijaze maboksi, magunia wala povu la kufungia televisheni juu ya dari zilipopita nyaya za stima. Vitu hivyo vinashika moto haraka, na panya wa juu ya dari hutafuna nyaya bila kuuliza.

Baada ya dari ziba mapengo. Katika nyumba za mbao upepo huingia kati ya ubao na ubao, na chini ya mlango panaweza kupita kidole. Mshipi wa mpira chini ya mlango, blanketi kuukuu lililokunjwa, pazia zito linalogusa sakafu, putii kwenye kioo kinachocheza. Hizi ni kazi za Jumamosi moja.

Lakini tafadhali soma hapa polepole. Nyumba iliyozibwa vizuri haiwezi tena kuwekewa jiko la makaa ndani. Kila msimu wa baridi watu hulala na jiko chumbani ili wapate joto, na wengine hawaamki. Makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na haikuamshi, inakuongezea usingizi. Katika nyumba yenye mapengo hewa hiyo ilikuwa inapata pa kutokea kidogo. Ukiziba mapengo umeiziba pia. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha yaache wazi hata kama yanaleta baridi, na jiko litoke nje kabla watu hawajalala, hata kama linaonekana limezimika. Kichwa kikianza kuuma na wote chumbani wanahisi kichefuchefu, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Ikiwa kuna mtoto mdogo au mzee kwenye chumba hicho na huwezi kutoa jiko, tungependelea uwashe ile hita tuliyoisema vibaya hapo juu ulipe hizo yuniti.

Sola: inaweza nini na haiwezi nini

Kuna mtu huuza sola akisema "utasahau Kenya Power". Muulize kama itaendesha shawa. Paneli ya wati 200 mchana wenye jua zuri wa Runyenjes inaweza kukupa kama yuniti 0.6 zinazotumika, ukishatoa zinazopotea kwenye nyaya na betri. Shawa ya wati 5,500 inazimaliza kwa dakika saba hivi, na hiyo ni kama inveta haijaungua kabla. Maji ya moto ya sola yanapatikana, lakini kwa kifaa kingine kabisa: lile tangi la juu ya paa linalopashwa na jua bila paneli ya umeme. Ni ghali kununua, ila kwa nyumba ambayo shawa ndiyo inakula yuniti 88 ndilo linalogusa ugonjwa wenyewe. Hakikisha tangi na mabomba yake yamefunikwa vizuri, la sivyo maji yatakuwa yamepoa kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Taa na televisheni za nyumba yetu ya mfano zinahitaji karibu nusu yuniti kwa siku. Paneli ya wati 200 na betri ya volti 12, Ah 100, inatosha siku za jua. Kwenye karatasi betri hiyo ina yuniti 1.2, lakini ikiwa ni ya asidi usiivute zaidi ya nusu, vinginevyo itakufa kabla ya wakati wake. Betri za lithiamu huvumilia zaidi na huuzwa ghali zaidi. Na Julai, ukungu ukikaa hadi saa nne na jioni kukawa na manyunyu, tarajia nusu ya mavuno. Usiku mwingine utarudi kwa stima ya Kenya Power. Hilo ni la kawaida, mradi ulijipa ile nafasi chini ya mstari.

Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo paneli ikitazama kaskazini au kusini si hoja kubwa. Iinamishe kidogo ili mvua iioshe. Hoja kubwa ni kivuli. Mparachichi, mkadamia, hata jani moja la mgomba likifunika kona ya paneli, nguvu inashuka kuliko unavyofikiria. Na fundi awe na leseni ya EPRA ya kufunga sola. Mwambie akuonyeshe, hatakasirika kama anayo.

Kulipa bila kulia

Mtindo wa kulipia sola kidogo kidogo kwa simu umekomaa hapa kwetu. M-Pesa ilizinduliwa 2007, na M-KOPA ilianza kuuza sola ya kulipia kila siku mwaka 2012. Wengi wamewasha taa ya kwanza kwa njia hiyo, na sisi ni mashabiki. Lakini piga hesabu nzima kabla ya kuweka kidole. Kwa mfano, amana ya 3,000 na shilingi 50 kwa siku kwa siku 540 inafika 30,000. Uliza bei ya kulipa mara moja ni ngapi, halafu linganisha na mkopo wa SACCO yako ya chai au ya walimu. Uliza pia: nikikosa siku tatu kifaa kinazima? Siku hizo zinaongezwa mwishoni au zinakuwa deni? Nikirudisha kifaa, amana inarudi? Jina langu litapelekwa CRB?

Kwa anayepeleka majani Rukuriri au Mungania, bonasi ya Oktoba inakuja wakati mzuri. Msimu wa baridi umeisha, mafundi hawana haraka, na dari ikijengwa Novemba itakuwa imekauka na kukaa vizuri kabla ya Juni. Ukiitia bonasi kwenye dari ya chumba kimoja na kulipia sola ndogo kwa pesa taslimu, hakuna wa kukuzimia taa.

Sasa upande wa wezi. Wanakuja nyumbani na fulana yenye nembo, wanakuonyesha paneli kwenye gari, wanaomba amana itumwe "kwa namba ya meneja" kwa sababu "Paybill ina shida leo". Paybill haina shida. Kampuni inayouza sola kihalali ina namba ya malipo yenye jina la kampuni, na jina hilo unaliona kabla hujaweka PIN. Likitokea jina la mtu, simamisha hapo hapo. Ukishatuma na umegundua umekosea, ripoti dakika hiyo hiyo kupitia menyu ya kurejesha au upige simu kwa huduma kwa wateja. Pesa ikishatolewa kwa wakala, sisi hatuna tena pa kuishika.

Tokeni nazo: Paybill ya Kenya Power ya kulipia kabla ni 888880, na akaunti ni namba ya mita yako. Ile 888888 ni ya wanaolipa bili baada ya kutumia. Watu huzichanganya kila siku. Hifadhi namba ya mita kwenye simu, usiiandike kwa kukumbuka, kwa maana ukikosea tarakimu moja unaweza kumwashia jirani. Ujumbe wa tokeni ukichelewa usilipe mara ya pili. Piga *977# uangalie kama tokeni imeshatolewa.

Kama unapanga chumba mjini

Mwenye plot hatakujengea dari kwa sababu umesoma makala. Lakini pazia, mshipi wa mlango, themosi na sola ndogo ya kubebeka unahama navyo. Na kama mnashiriki mita moja wapangaji sita, matumizi ya wote yanahesabiwa kama ya nyumba moja, kwa hivyo mnaweza kujikuta kundi la juu hata kama kila mmoja anatumia kidogo. Ongeeni na mwenye nyumba kuhusu kuomba mita tofauti. Yule anayetumia yuniti 20 peke yake atajikuta kwenye bei ya chini kabisa, na hapo ndipo mazungumzo na majirani huanza kuwa matamu.